Konzi la Udongo la Noeline Hanrahan

Marehemu Noeline Mary Hanrahan alizaliwa Jumatatu, tarehe 5 Machi 1951, mjini Reefton. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Patrick Cadigan, mchimbaji wa makaa ya mawe, na Bi. Eileen. Mtoto wa pili na wa mwisho ni Desmond, anayesoma maneno haya.

Alisoma kwa masista hapa hapa Reefton. Mwaka 1966 kifua cha baba kilipoharibika kwa vumbi la mgodi, aliacha masomo akaenda kufua nguo hotelini ili nyumbani pasilale njaa. Hakuwahi kulalamika.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika kitalu cha miti, na huko ndiko alikofanya kazi maisha yake yote. Wengi mnakumbuka mvua ya 1988 iliyoporomosha mlima juu ya kijito cha Larkin. Wakubwa wa misitu walipanda miche elfu tatu ya tawhai, mti wa asili wa misitu yetu, pale, mizizi imeoshwa ikawa safi kabisa. Baada ya mwaka mmoja ilikuwa ya njano, inakufa. Noeline akapanda mlimani na ndoo ya udongo alioutoa chini ya tawhai wazee.

"We mama, sasa unatuletea matope?" msimamizi akamuuliza.

"Nimewaletea wapishi, bwana. Nyie mmewatupa watoto ugenini bila mtu wa kuwapikia."

Alimwonyesha nyuzi nyeupe za kuvu ndani ya udongo ule, nyembamba kuliko nywele, akamweleza kwamba hizo ndizo zinazoulisha mzizi. Kila mche akaupa konzi moja. Safu mbili alizozifikia siku ile bado zimesimama. Ukitoka nje ya kanisa hili utaziona, kijani peke yake kwenye kidonda cha mlima.

Alifunga ndoa na Colm Hanrahan tarehe 18 Mei 1974. Njiani kwenda kanisani alisimamisha gari ukingoni mwa msitu, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha na uyoga ulikuwa umetoka. Alipofika altareni alikuwa na udongo chini ya pua. Colm akamnong'oneza padri, "Baba, huyu niliyeletewa ana masharubu." Kanisa zima lilisikia.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Hakuutumia udongo wowote bila kuunusa. Alisema ulio hai hunuka uyoga na mvua, uliokufa haunuki kitu. Mifuko ya mboji ina onyo kwamba mtu azibe pua, na mimi, mdogo wake, nilimnunulia vitambaa vya kuziba. Alivitundika kwenye mkono wa birika.

"Dezi, nikiziba pua nitajuaje kama udongo uko hai?"

"Haya dada, kaa na pua yako." Nikacheka. Tukanywa chai na skonzi.

Tarehe 3 Oktoba mwaka huu, 2011, alifunua lundo la mboji na udongo wa msituni lililokuwa limefunikwa turubai majira yote ya baridi, akaliinamia kama kawaida. Tarehe 9 alishikwa na homa. Hospitalini daktari alisema ni kijidudu kinachoishi humo humo kwenye mboji, nacho kimeingia mapafuni. Kabla hajawekewa mashine ya kupumulia aliuliza jambo moja, kuhusu miche yake ya bandani.

"Wale wa meza ya juu umewapa udongo?"

"Nimewapa, dada."

Sikuwa nimewapa. Nilikuwa nimepigilia mbao mlango wa banda, na mafuta ya taa nilishanunua ya kulichoma lundo lile.

Alifariki Ijumaa, tarehe 21 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Colm.

Jumapili Colm alinikuta nje ya banda na kibiriti. "Choma, Dezi," akasema. "Halafu twende mimi na wewe tukawatazame wanavyokuwa njano." Akaketi kwenye ndoo akalia.

Basi jana nilitoa mbao. Niliziba pua, nikawapa wote mia nne na kumi na wawili, konzi moja kila mmoja, kama alivyonifundisha. Nimewapa sasa, dada. Nisamehe kwa kuchelewa.

Udongo mtakaotupa kaburini umetoka chini ya tawhai wale wale. Vitambaa vya kuziba pua viko kwenye kapu mlangoni. Tafadhali vaeni. Najua yeye angetucheka. Vaeni tu.

Ameacha mume, Colm, mabinti wawili, Maureen na Patricia, wajukuu wanne, na mdogo wake, Desmond.

Dada, pumzika. Wapishi wako chini pamoja nawe, na amani ya msitu iwe yako.