Bi Mwanahawa, Msomaji wa Maombi ya Wafungwa

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Mwanahawa Bushiri anastaafu baada ya miaka thelathini na tatu katika kituo chetu cha nyaraka hapa Dodoma. Aliingia akiwa karani wa masjala, anatoka akiwa mkuu wa nyaraka za magereza. Sisi tunaobaki tumeshaanza kugombania kiti chake, ingawa kazi yake hakuna anayeiweza.

Bi Mwanahawa ndiye mtunzaji wa maombi ya huruma ambayo wafungwa wa enzi za mkoloni walimpelekea Gavana, wakisema wamehukumiwa kwa makosa wasiyoyatenda. Kila ombi hulisoma lote, kwa sauti, akiwa amesimama. Bwana Fabian wa uhasibu aliwahi kuhama chumba cha jirani akidai hawezi kujumlisha hesabu huku watu wanalia ukutani. Hakumaliza mwezi. Alirudi mwenyewe, anataka kujua yule mfungwa wa Kondoa aliishia wapi.

Mtindo huo ulizaliwa na kosa, na Bi Mwanahawa humsimulia kosa hilo kila mwajiriwa mpya bila aibu. Mwanzoni alipanga majalada kwa kutazama jina lililo chini ya karatasi tu. Kasha moja lote lilikuwa na jina la Hamidu bin Salimu, basi akamfungulia Hamidu jalada moja nene na kumwita Bwana Malalamiko.

Akaja Mzee Raphael wa Ipagala. Baba yake, Chilongani, alinyongwa kwa kosa la kuua, na ukoo uliambiwa kwamba alikiri. Mke wa kijana wake alikuwa mjamzito, naye Raphael alitaka mjukuu apewe jina la Chilongani. Wazee wa ukoo walikataa katakata: jina la mtu aliyekiri kuua halirithiwi. Raphael alitaka kujua kama kweli baba yake alikiri. Mara mbili aliambiwa hapa kwamba hakuna karatasi ya Chilongani.

Mara ya tatu Bi Mwanahawa alimwonea huruma, akavuta jalada la Bwana Malalamiko na kuanza kusoma kutoka mstari wa kwanza. Ndipo akili ikamkaa sawa. Hamidu alikuwa mfungwa aliyejua kuandika, akiwaandikia wenzake wasiojua. Wenye maombi walikuwa wametajwa juu kabisa, na chini waliweka dole gumba.

Ombi la Chilongani lilikuwamo. Nimelisoma mwenyewe: "Bwana Gavana, naambiwa nikisema nimekosa nitahurumiwa. Sikumuua mtu yule. Nikikiri nitapona, lakini nitakuwa nimesema uongo. Naomba nirudi kwa mwanangu Raphael, hajaanza kutembea." Pembeni, kwa wino mwekundu, pameandikwa: Limekataliwa.

Fikirini. Kamba inamngoja, mlango umeachwa wazi kidogo, na mtu anakataa kuupita kwa uongo! Bi Mwanahawa alimweleza Raphael ukweli, kwamba karatasi ile haithibitishi nani aliua. Inathibitisha tu kwamba baba yake hakukiri. Kisha akamwomba radhi kwa zile safari mbili za bure, akamsomea.

Raphael alikuwa hajawahi kusikia neno hata moja la baba yake. "Dada, hebu rudia hapo kwenye jina langu," alisema. Akarudia. Akaombwa tena, akarudia tena, mpaka Raphael akaweza kuyasema maneno yale bila kusomewa. Aliwapelekea wazee wa ukoo maneno hayo yakiwa kichwani mwake.

Bi Mwanahawa, asante sana kwa subira yako, ukali wako na vitumbua vyako vya Ijumaa. Tunakuombea afya, usingizi mnono na siku njema huko Nzuguni. Wiki iliyopita kijana mmoja alifika mapokezi akiwa na barua ya kukualika harusini kwake: anaoa mwezi ujao, na anataka uketi na wazee wake. Mapokezi walimuuliza jina. Akajibu, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, kwamba anaitwa Chilongani.

Salwa Abdulrazaki,
kwa niaba ya wafanyakazi wenzako