Bi. Kahaso na Stelingi Asiyekufa

Baada ya miaka arobaini na miezi saba ya kazi, Bi. Kahaso Garama anastaafu leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, kutoka Sinema Jyoti ya hapa Kilifi, ambayo mji mzima huiita Joti. Aliajiriwa Machi 1985 kama mkata tikiti, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Anaondoka akiwa mfasiri wetu wa filamu za Kihindi, na sijui ukumbi mwingine wowote pwani hii ambao bado una mtu wa kazi hiyo.

Kwa wageni wasioijua, kazi yenyewe ni kukaa kwenye stuli kando ya pazia la kuonyeshea picha, kushika maikrofoni na kuwaambia watazamaji kwa Kiswahili yale yanayosemwa, papo kwa papo. Bi. Kahaso humsemea stelingi, yaani shujaa wa filamu, mama yake stelingi, jambazi, na polisi anayefika mambo yakiwa yamekwisha. Nyimbo hafasiri. Husema wimbo wa mapenzi kila mtu anauelewa, kisha hunywa chai yake ya tangawizi.

Mimi niliyepewa heshima ya kuandika haya ni mwendesha mashine wake tangu 1988. Nilikuja kutoka Murang'a na Kiswahili cha kubabaisha, na yeye akanisahihisha mbele za watu, bila huruma, mpaka kikanyooka. Makosa yatakayoonekana hapa ni yale aliyoyachoka.

Wanafunzi wa Kilifi wanamjua zaidi kwa Alhamisi zake. Kila Alhamisi mchana huwasimulia historia ya sinema ya Kihindi. Huanzia mwaka 1913, filamu zikiwa bubu na wanaume wakivaa sari kuigiza wanawake, na hapo huigiza mwanamume aliyesahau kunyoa masharubu. Halafu 1931 filamu zikaanza kusema na kuimba, na hazijanyamaza hadi leo. Husimulia rangi zilivyoingia, vijana wenye hasira wa miaka ya sabini, harusi ndefu za miaka ya tisini, na sasa filamu za Kusini, za Kitamil na Kitelugu, zinazovutia watu kote duniani. Lugha hizo mbili hazijui, na hukiri waziwazi. Alipozipokea mara ya kwanza alikaa siku nne akisoma maandishi ya chini kabla ya kuthubutu kushika maikrofoni.

Kanda za video zilipokuja na watu wakabaki majumbani, mwenye ukumbi wa wakati huo, Bwana Hasmukh, alitaka kuufanya ghala la saruji. Bi. Kahaso alibeba televisheni, deki na jenereta akaenda navyo Vitengeni siku za soko, akafasiri chini ya turubai, na waliomsikia huko wakaanza kushuka mjini kutafuta pazia kubwa. Ukumbi haukugeuzwa ghala. Sisi wengine tuna ajira kwa sababu hiyo.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho kila mtu anakijua nusu.

Mwaka 1989, kila Jumamosi saa nane mchana kulikuwa na onyesho la akina mama. Wanaume walikuwa marufuku, isipokuwa mimi, niliyehesabiwa kuwa sehemu ya mashine. Jumamosi moja roli la mwisho la filamu lilikuwa bado kwenye basi kutoka Mombasa, maana nakala moja iligawanywa kati ya kumbi kadhaa. Lilifika filamu ikiendelea, kwa hiyo Bi. Kahaso hakuwahi kulitazama. Hakuwa na wasiwasi. Sheria ya Joti ilijulikana na wote: stelingi hafi.

Huyu akafa. Alipigwa risasi akafia mapajani mwa mama yake.

Na kiti cha mbele kabisa alikaa Hawe Nyevu, mama mzazi wa Bi. Kahaso, aliyetoka nyumbani kwa mara ya kwanza tangu kumzika mwanawe wa kwanza, Mwaringa. Kutoka kwenye chumba cha mashine nilimsikia Bi. Kahaso akisema kijana amezirai, daktari yuko njiani. Walipomfunika shuka nyeupe, akasema wanamkinga na baridi. Akina mama walipiga vigelegele, wakaenda zao wamefurahi.

Jioni wanaume waliona filamu ileile bila mfasiri. Kufikia Jumapili kulikuwa na ugomvi kuanzia Mnarani hadi Bofa, wake wakisema amezirai, waume wakisema amekufa na, kwa desturi ya Wahindu, amekwisha kuchomwa moto. Bwana Hasmukh akamsimamisha kazi. Jumamosi iliyofuata akina mama waliketi barazani, wakakataa kuingia mpaka arudishwe. Alirudishwa kwa masharti mawili, asiseme uongo tena kwenye maikrofoni ile, na ajifunze Kihindi sawasawa kwa mke wa Bwana Hasmukh. Alisoma miaka miwili. Sharti la kwanza amelitunza miaka thelathini na sita, na mastelingi aliowaua kwa sauti yake tangu hapo hawahesabiki.

Ila filamu ile hakutaka irudi. Kila tulipoitaja, alisema mkanda umeliwa na panya. Sasa tumepata nakala mpya, safi, na ndiyo itakayoonyeshwa leo baada ya hotuba. Wafanyakazi tuliichagua kwa utani, kisha nikajua kuwa kwake si utani. Alimwambia Ndinda wa tikiti kwamba anaogopa. Mama yake, mwenye miaka themanini na sita, atakaa kiti kilekile, na bado huwahadithia vitukuu kwamba yule kijana aliamka. Akifasiri kweli, atamzika Mwaringa upya mbele ya mama yake. Akificha, atavunja ahadi yake siku ya mwisho ya kazi.

Nikaona aibu, nikaenda Vitengeni, anakoishi Hawe Nyevu, wiki iliyopita kumwomba radhi na kumwambia tutabadilisha filamu. Nilimwamkia, nikajieleza. Alicheka mpaka akafuta macho. Maneno yake nayaweka hapa kama alivyoyasema:

"Nilimuona na haya macho yangu wakimfunika. Maiti haitaki Kihindi. Lakini mwanangu alisema amezirai, na siku ile ndivyo nilivyotaka kuambiwa. Vitukuu nawahadithia vile alivyosema yeye, kwa vile napenda alivyosema. Msibadilishe kitu."

Bi. Kahaso, najua unausoma ukurasa huu taa zikiwa bado zinawaka. Asante kwa sauti yako, kwa Alhamisi zako, na kwa Kiswahili changu. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na kengele ya intavali, na chai ya tangawizi isiyopoa. Stuli yako hatutaiondoa.

Ukifika kwenye roli la mwisho, fasiri kama lilivyo. Mama yako amekuja kulisikia.

Thuku Gachanja, mwendesha mashine