Kwale wa Kumpelekea Imamu

Radjabu hakujua tena kama anampelekea baba mkwe wake, imamu, kwale au popo. Alinunua mjini Rumonge vipande sita vya nyama ya kuchoma, akiambiwa ni kwale, bila vichwa wala mabawa, na viwili alishavila njiani.

“Hii iko popo, baba,” alisema Mama Kapitolina, jirani yake kwenye basi. “Kwale iko na kifua kinene.” “Labda alikonda!” Radjabu alijibu. “ Muuzaji aliapa alimchinja kwa bismillahi.” “Hata popo anachinjika. Niachie mimi, sisi Wakristo hatuna shida.” “Kumbe unaitamani!” “Basi mupelekee imamu.”

Radjabu akaitazama nyama. Kadiri alivyoitazama, ndivyo ilivyofanana na wote wawili.

Basi likasimama Gitaza, kwa wakwe zake. Akashuka: vipande vinne mapajani mwa mama yule, viwili tumboni mwake mwenyewe, na ukweni anaingia mikono mitupu.