Ndugu Tobia Shemweta na Shamba la Mama Mkwe

Wasifu ulioandikwa na Issa Mntangi, mchoraji ramani, kwa niaba ya wafanyakazi wenzake, usomwe kwenye sherehe ya kumuaga

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1978, Ndugu Tobia Shemweta, mpima ardhi, anaweka chini mnyororo wa kupimia alioushika kwa miaka thelathini na mmoja. Tangu asubuhi hiyo Lushoto italazimika kujipima yenyewe, au itaridhika na vijana wetu wapya, ambao ni wazuri sana mradi ardhi iwe tambarare na mvua isinyeshe.

Ndugu Tobia alizaliwa Mlalo, akasoma shule ya misheni pale pale, na mwaka 1947 akaajiriwa kuwa mvuta mnyororo. Asiyeijua kazi hiyo aelewe kwamba ni kuburuta mnyororo wa chuma kutoka kigingi hadi kigingi, na kwamba katika milima yetu kigingi cha kwanza huwa juu ya kichwa chako na cha pili huwa chini ya nyayo zako. Wengi walioanza naye waliacha kazi kabla masika hayajaisha. Yeye alibaki. Darubini ya kupimia alijifunza kwa kuchungulia kila mara bwana mkubwa wa Kiingereza alipokwenda kunywa chai, na bwana huyo alikuwa mnywaji mkubwa wa chai.

Mimi niliajiriwa mwaka 1956, nikawekwa chini yake. Safari yetu ya kwanza ilikuwa Mtae, kule mwisho wa dunia, ambako ukungu ulitushukia katikati ya kazi hata nikawa siioni mikono yangu mwenyewe. Ndugu Tobia alikuwa ng'ambo ya korongo ameshika nguzo ya kupimia. Ili nisipotee wala nisianguke, aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti yake yote, nami nikaifuata sauti hadi nikamfikia. Ukungu ulikaa siku kadhaa, kwa hiyo mpaka leo nazijua beti nzima nzima za nyimbo za Kilutheri ambazo shehe wetu asingefurahi kuzisikia kinywani mwangu.

Tulipopata Uhuru, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kupima mahali pa kusimamisha mlingoti wa bendera kwenye uwanja. Alipima, akapima tena, akarudi jioni kupima mara nyingine, na mkewe Secilia akatuma mtu kuuliza kama nchi haiwezi kuwa huru mpaka Tobia aridhike. Mlingoti ule umenyooka hadi leo. Baada ya hapo alipandishwa cheo kuwa mpima kamili, mtu wa kwanza katika ofisi yetu kufika hapo kutoka kwenye mnyororo.

Siwezi kuacha kisa cha peasi. Ndugu Tobia ana mazoea ya kuweka peasi za Mlalo ndani ya sanduku la darubini, kwa madai kwamba hakuna mahali pengine kazini pasipotikisika. Siku moja alikuja mkubwa kutoka Tanga kukagua vifaa, akafungua sanduku kwa heshima zote, akakuta peasi zimelala kwenye kitambaa cha mahameli na darubini imewekwa chini ya meza. Tulijua kazi imekwisha. Mkubwa alichukua moja, akaila yote mpaka kikonyo, kisha akauliza kama kuna nyingine.

Hadi hapa wasifu huu ungeweza kuandikwa na yeyote kati yetu, nasi tungecheka na kwenda kula pilau. Lakini Ndugu Tobia aliponiomba niuandike alinipa sharti moja, kwamba Kwehangala isirukwe. Nilimwambia sherehe ya kuaga si mahali pake. Akanijibu kwamba basi atatafuta mwandishi mwingine. Naiandika, basi, nikiwa nimeinamisha kichwa, na ninyi mnaonisikiliza mnaijua sababu.

Bonde la Kwehangala liko kati ya Lushoto na Mlalo. Watu wake tangu zamani walikaa juu, kwenye migongo ya milima, na walilima chini, penye maji na udongo mweusi. Kabichi, karoti, maharage na magimbi vilitoka pale hata tukashindwa kuvimaliza. Hakuna aliyewahi kulala bondeni, maana usiku baridi hushuka huko na asubuhi ukungu hauondoki mpaka jua lipande sana.

Mwaka 1975, wakati wa operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, ofisi yetu ilitakiwa kutafuta mahali pa kijiji kipya. Kwenye ramani bonde lile lilipendeza mno. Lilikuwa tambarare, na viwanja vingenyooka kwa rula, jambo ambalo mpima wa Usambara huliota tu. Likabadilishwa kutoka eneo la kilimo kuwa eneo la makazi, nami nikafuta rangi ya kijani na kupaka ya waridi. Hatukukosa kujua habari za baridi na ukungu. Sote ni watoto wa milima hii. Tuliona mistari iliyonyooka, tukasahau tulivyolelewa.

Ulipangwa utaratibu uliosikika kuwa wa haki kabisa. Siku ya kupima kila mwenye shamba asimame shambani kwake. Mwenye pingamizi amwendee mpima, aliseme mbele yake, na mpima asimamishe mnyororo mpaka shauri liamuliwe. Shamba lisilo na mtu lihesabiwe kuwa limekubaliwa.

Shamba la kwanza, pale chini mnyororo ulipoanzia, lilikuwa la Bibi Raheli. Alikuwa mjane, mkubwa wa umri kuliko wote bondeni, na mwenye ulimi ambao hata mwenyekiti aliuogopa. Alikuwa ametangaza sokoni kwamba atamweleza mpima huyo mambo ambayo hakuyasoma shuleni. Wenzake walikubaliana wamwache aanze yeye, kisha wafuate. Naye alifika mapema, akasimama katikati ya kabichi zake akiwa ameegemea jembe.

Kasoro moja tu. Mpima aliyepangiwa kazi alikuwa amelazwa kwa malaria, na aliyekuja badala yake alikuwa Ndugu Tobia, na Bibi Raheli ndiye mama yake Secilia.

Wageni waliomo humu ukumbini wataniwia radhi nikieleza. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Wakionana njiani mmoja hujitenga migombani mpaka mwenzake apite. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa tatu. Si ugomvi hata kidogo. Ni heshima, na aliyelelewa vizuri huifanya bila kufikiri, kama unavyofumba macho vumbi likija.

Bibi Raheli alimwona anayeshuka na darubini begani. Alijifunika kanga usoni, akageuka, akaenda nyuma ya migomba. Ndugu Tobia naye aliiona kanga ile ikiondoka, akageukia upande mwingine kama inavyompasa mkwe mwema. Bonde zima lilikuwa likitutazama. Kisha, akiwa bado amegeuka, akatuambia, karani mwenye daftari na sisi wavuta mnyororo:

"Hakuna mtu. Vuta."

Angeweza kunituma mimi. Nilikuwa karibu naye nimeshika ncha ya mnyororo, na mimi si mkwe wa mtu yeyote Kwehangala. Ningeingia migombani, ningempa mama shikamoo yake, ningesikia neno lake na kulirudisha, na mnyororo ungesimama palepale. Ndugu Tobia anasema alilijua hilo wakati ule ule. Alijua pia kwamba wakubwa walikuwa wanakuja Ijumaa hiyo kuitazama ramani. Mila ikampa mahali pa kujificha, akajificha. Hayo ni maneno yake, ameniagiza nisiyalainishe.

Waliobaki bondeni walipoona Bibi Raheli ameondoka bila kusema, walidhani ameshapatana na mkwewe. Hakuna aliyefungua kinywa. Kufikia jioni mashamba yote ya Kwehangala yalikuwa viwanja.

Kwa kazi hiyo Ndugu Tobia alitunukiwa cheti cha mpima bora, kile mlichokiona miaka yote ukutani karibu na saa. Akapewa na kiwanja cha kona cha kujengea nyumba ya uzeeni, kizuri, karibu na maji. Alipokwenda kukiona, akakuta mabua ya kabichi za mama mkwe wake bado yamesimama. Hapo angeweza kukikataa. Alichimba msingi.

Secilia hakugombana naye. Aliendelea kumpikia na kumfulia, lakini hakukanyaga pale hata siku moja, wala hakubeba ndoo ya maji ya ujenzi. Mafundi walipokuja, hawakukuta chai. Tulimtania Ndugu Tobia ofisini kwamba anajenga nyumba ya kwenda chini, maana msingi ulikaa miaka miwili bila tofali moja juu yake. Alicheka pamoja nasi, na sasa naona aibu kwa utani ule.

Kijiji kilijengwa, na kina mema yake. Kina shule na zahanati, na watoto wengi wamejua kusoma. Ila watoto hao wanakohoa kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, na mama zao wanapanda mlima hadi Shume kununua kabichi. Watu wa Kwehangala, ambao wazee wetu waliwafuata kutafuta mboga, wananunua kabichi! Ukikutana nao njiani wameibeba, wanaificha upande wa pili wa mwili wapitapo mbele yetu. Wanaona haya wao, na waliofanya kosa ni sisi.

Bibi Raheli alipewa chumba katika nyumba ya jamaa yake, kwenye mstari wa tatu, juu ya shamba lililokuwa la mtu mwingine. Tangu hapo Ndugu Tobia amekuwa akienda kazini kwa njia ya juu, ya mzunguko, asipite Kwehangala, iwe mvua iwe jua. Tulidhani anafanya mazoezi ya mwili.

Mwaka huu, kabla ya masika, aliomba kiwanja chake kirudishwe kuwa shamba. Mkubwa wetu alidhani amechanganyikiwa, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuomba makazi yageuzwe kilimo. Halmashauri ya kijiji ilikubali. Ndugu Tobia akaufukia msingi kwa mikono yake, akang'oa vigingi alivyovipigilia mwenyewe, akalima, akaacha udongo wazi. Hakupanda kitu. Alisema mwenye kupanda hapo anajulikana.

Ni shamba moja tu. Mengine yana nyumba juu yake, na ndani ya nyumba kuna watu ambao hawana kosa lolote na hawana pengine pa kwenda. Hatuwezi kuyarudisha, wala sitajifanya kwamba shamba moja linatosha.

Kilichobaki kilikuwa kuomba radhi, na hapo ndipo alipokwama. Amwombe vipi mtu asiyeruhusiwa kumtazama? Ndipo alipoamua kwamba siku ya kuagwa mama mkwe wake aalikwe, na neno lake lipite katika wasifu huu, kwa kinywa cha mtu wa tatu, kama mila inavyotaka. Tuliafiki. Tukapanga kiti cha Bibi Raheli mstari wa mbele kabisa, tukakigeuza kitazame mlango, ili asikie asionane naye. Zawadi tuliyokusudia kumpa mstaafu, ile redio, aliikataa akaomba jembe, na jembe hilo jipya limeegemezwa kwenye kiti hicho.

Mwaliko aliupeleka Secilia. Jumapili alirudi na jibu, akalileta kwangu kwanza kwa sababu aliona halifai kukaa nyumbani. Bibi Raheli alilisema kwa Kishambaa, nami naliweka kwa Kiswahili kadiri niwezavyo:

"Mwambieni nimesikia, na shamba nitalipanda. Nitakuja. Lakini kiti changu kisigeuzwe. Siku ile niligeuka kwa heshima, naye akahesabu kwamba sipo. Safari hii nataka anione kwamba nipo."

Kwa hiyo, ndugu wageni, kiti cha mbele kimerudishwa kutazama huku. Wazee wanaoona tumevunja mila watulaumu sisi wapangaji, wasimlaumu yeye.

Ndugu Tobia, hukuyajua haya ulipoingia ukumbini. Najua umeketi pembeni na kuelekea dirishani, kama kawaida yako. Tunakushukuru kwa milima uliyotupitisha, kwa nyimbo za Mtae na kwa peasi. Tunakuombea afya na usingizi mzuri, wewe na Mama Secilia. Njia ya juu sasa waachie wenye mbuzi.

Geuka, Ndugu Tobia. Yupo.