Profesa Angelina Bakili na Jibu la Bibi Tatu

Sijawahi kumwambia mtu: jibu la bibi yangu, Tatu binti Hashimu, lililo mwanzoni mwa kitabu cha mwisho cha Profesa Bakili, nililitunga mimi.

Profesa Angelina Bakili anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha chuo kikuu nadharia za ufeministi wa tamaduni nyingi. Sisi wa Mchafukoge tunamjua zaidi kwa darasa lake la Jumamosi, juu ya duka la vitambaa, ambako wanafunzi wa sekondari walikaa benchi moja na akina mama wa sokoni. Nimeombwa kuandika katika programu hii ya kumuaga kwa kuwa ndimi mdogo kuliko wote darasani. Nimemaliza kidato cha sita mwezi uliopita.

Ameandika vitabu vinne, na chaki aliisahau karibu kila wiki. Kanuni yake ilikuwa moja: usimsemee mwenzako. Mama Sitara, fundi cherehani, alipoanza na "Sisi wanawake", Profesa alimkatiza: "Sisi kina nani, Mama Sitara? Violeth wa Newala amekutuma?" Tulicheka, na Violeth akajisemea mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu ajiunge.

Siku moja alitutuma sisi wa sekondari, kila mmoja amuulize mwanamke wa nyumbani kwao alitamani nini alipokuwa na umri wetu. Bibi anauza viungo Kariakoo. Niliona haya kumuuliza, nikaandika: "Nilitamani kusoma, lakini zaidi nilitamani mtu aniulize." Profesa akayaweka maneno hayo kitabuni, na jina la Bibi chini yake. Akaja mpaka kwenye meza ya Bibi sokoni, akamwamkia, akamshukuru.

Bibi alinitazama, kisha akamjibu, "Mwanangu, mimi nasema mengi, yote nitayakumbuka wapi?" Siku hizi anawaambia wateja maneno yale ya kitabuni huku akipima iliki.

Jumamosi iliyopita nilipanda zile ngazi nikakuta mlango umefungwa. Nilitaka kumwambia Profesa kwamba aliyetamani kuulizwa ni mimi, na kwamba yeye ndiye aliyeniuliza. Nilikaa ngazini mpaka duka likafungwa.

Profesa, nisamehe, nilimsemea Bibi. Asante kwa swali lile. Masasi unakohamia ikupokee kwa furaha, na Jumamosi zako sasa ziwe zako.

Nanyi wasomaji, hili libaki baina yetu. Leo Bibi Tatu amekaa safu ya mbele na programu hii mkononi, na kusoma hajui. Akiwaomba mumsomee, tafadhali anzieni ukurasa unaofuata.