Mwalimu Pumzi na Kengele ya Hesabu

Mheshimiwa mgeni rasmi. Afande Mkuu wa Gereza. Baba Mchungaji, uliyetufungulia kwa sala. Maafisa na askari wenzangu. Ndugu wageni waalikwa, hasa ninyi mliopekuliwa mikoba pale getini na hamkununa. Kwaya yetu, mliokaa chini upande wa dirisha. Na wewe Mwalimu, ambaye leo tumekukalisha kiti cha mbele na naona hakikustareheshi hata kidogo: nawasalimu nyote kwa jina la Mungu aliyetuamsha salama.

Nimeambiwa niseme kwa niaba ya askari wa zamu. Mimi ni sajenti, ndugu zangu, sikusoma sana, na kazi yangu ya kila siku inahitaji maneno machache: ingia, toka, kaa, simama. Leo nimeombwa niyaongeze. Nikipotea njia mnivumilie. Na wote nitakaowagusa humu nimewaomba ruhusa kwanza.

Mwalimu anatuaga. Anastaafu kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Shuleni alikofundisha muziki alikwisha kustaafu zamani, na wengine wakistaafu hufuga kuku au huenda kulea wajukuu. Yeye alikuja kubisha hodi kwenye geti la gereza la wanawake, kinanda kidogo kwapani, akasema anataka kufundisha wafungwa kuimba. Askari wa geti akamuuliza, "Mama, una ndugu yako humu?"

Akajibu, "Bado."

Somo la kwanza alilitoa katika bwalo hili hili. Aliwalaza wanawake wote chali sakafuni, kila mmoja na kikombe chake cha bati juu ya tumbo, akawa anapita katikati yao: "Pumzi! Nataka kikombe kipande juu. Pumzi! Sasa kishuke taratibu, msikiangushe." Mwenzangu mmoja alichungulia mlangoni, akanijia mbio. "Sajenti, njoo upesi, wamelala chini wote. Nadhani ni yale maharage ya mchana." Tangu siku hiyo wafungwa wakamwita Mwalimu Pumzi, na sisi askari tukamwita hivyo pia, ila yeye akiwa hayupo.

Kwaya ikakomaa. Ikaimba ibadani, ikaimba mbele ya wageni, na wale waliokuwa wakitaniana, "Wewe sauti yako kama mlango wa stoo," wakajikuta wanagombea mistari. Ndipo Mwalimu akasema sasa wako tayari kwa opera. Nikamuuliza opera ndiyo nini. Akanieleza kwamba ni mchezo wa kuigiza, lakini hakuna anayesema. Watu wanaimba tangu mwanzo hadi mwisho. Mpishi wetu mkuu alikuwa anapita na ndoo, akasimama.

"Hata wakigombana?"

"Wakigombana ndipo wanaimba zaidi."

"Basi hiyo ninayo jikoni kila siku. Tumekosa kinanda tu."

Sasa nifike kwenye jambo lililonisimamisha hapa. Katika kwaya yetu yuko mama tunayemwita Dereva. Yuko pale, sauti ya pili. Aliendesha gari akiwa amekunywa, wakitoka kwenye sherehe, na mumewe aliyekaa pembeni yake akafariki palepale. Yeye hakatai, na mimi sitakataa kwa niaba yake. Walikuwa na mtoto mmoja, binti mtu mzima anayejitegemea. Siku moja ilimchukulia binti huyo baba yake kwa kaburi na mama yake kwa lango letu. Tangu hukumu hakuwahi kuja kumwona mama yake. Mtu atamlaumu kwa lipi?

Mwalimu alimpa Dereva wimbo mkubwa wa opera ile. Mchezo wenyewe ni wa mwanamke anayefika katika mji ambao hakuna anayemsalimu. Kengele ya mji inalia, watu wote wanatoka kukusanyika uwanjani, na yeye anasimama katikati yao, anaimba kuomba mlango mmoja ufunguliwe. Haombi kuingia, anaomba tu aone kama taa ya ndani bado inawaka.

Baba Mchungaji akampigia simu yule binti, akamkaribisha. Binti akajibu, na Baba Mchungaji akayaleta maneno kama yalivyo, bila kuyatia sukari: "Nitakuja kusikiliza wimbo. Sitakuja kumwona mtu."

Dereva aliuliza jambo moja tu. "Amesema atakaa wapi?"

"Nyuma kabisa, karibu na mlango."

"Basi itabidi niimbe mpaka kule."

Mwalimu akamwambia, "Usimfikirie yeye. Ukimfikiria utakabwa. Fikiria kikombe."

Wageni wetu, hapa lazima niwaeleze utaratibu wa nyumba hii. Kengele ya hesabu ikilia, mfungwa popote alipo, awe anafua, awe anasali, anachuchumaa katika safu ya watano watano, uso chini, mdomo kimya. Hanyanyuki mpaka askari ahesabu na kutangaza kwamba hesabu imetimia. Mtu akikaa humu mwaka tu, magoti yake yanaisikia kengele ile kabla ya masikio.

Katika mazoezi yote, kengele ya mji ilikuwa mfuniko wa sufuria na mwiko. Lakini siku yenyewe, Afande Mkuu, kwa moyo mwema kabisa, akasema wageni hawawezi kusikilizishwa sufuria. Akaamuru iletwe kengele ya kweli. Na hapa gerezani, Mheshimiwa, kengele ya kweli ni moja.

Ikalia. Mji mzima ukachuchumaa.

Watano watano, nguo za maigizo na vilemba vya karatasi, nyuso chini, kimya. Dereva naye katikati yao, chini. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ndivyo mchezo ulivyo. Makofi yakaisha. Hakuna aliyenyanyuka. Nani angewanyanyua? Wenyewe wasingethubutu, na Afande Mkuu, nasema kwa heshima zote, alikuwa anatafuta kitu chini ya kiti chake. Wimbo wenyewe ulikuwa haujaimbwa, na pale nyuma niliona binti ameanza kuvuta mkoba wake begani.

Nikapanda jukwaani na sare yangu na funguo kiunoni. Nikahesabu.

Akazidi mtu.

Askari wenzangu mnalijua hilo. Kupungua mtu ni balaa, lakini balaa lenye utaratibu wake: unafunga geti, unapiga king'ora. Kuzidi mtu hakuna hata utaratibu. Nikarudia, kidole hewani, jasho linanitoka. Safu ya mwisho, nyuma ya kinanda, nikamkuta Mwalimu Pumzi, gauni lake la buluu, miwani puani, amechuchumaa, uso chini kama wenzake.

Nikasema, na sikujua kama bwalo lote linanisikia, "Mwalimu, wewe huhesabiwi."

Akajibu bila kuinua kichwa, "Samahani, afande. Nimezoea."

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Na katikati ya kicheko kile, kutoka nyuma karibu na mlango, kikatokea kimoja cha peke yake, kile cha mtu aliyejizuia kwa mkono mdomoni, kikaanza kwa kukoroma kidogo halafu kikamshinda mwenyewe. Dereva akainua uso, kinyume cha sheria. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Afande, huyo ni wangu. Anacheka kama baba yake."

Nilikuwa na maneno yangu yale yale. Nikasema, "Hesabu imetimia. Simameni."

Wakasimama, naye akaimba. Mimi si mjuzi wa kupima sauti. Nilibaki palepale jukwaani kwa sababu sikuona pa kushukia, akawa ananiimbia mimi, usoni, akiomba mlango, nami ndiye niliyeshika funguo. Hakukabwa mahali popote. Mgeni mmoja alinipongeza baadaye, akasema nimeigiza mlinzi wa mji vizuri, ila ningetabasamu kidogo.

Hakukumbatiana mtu siku ile; sitaki kuwadanganya. Binti alitoka na wageni wengine. Pale getini, akirudishiwa simu yake, akaniuliza bila kunitazama, "Afande, siku ya kutembelea ni lini?"

"Jumapili baada ya ibada. Uje na kitambulisho."

"Nikifika nisemeje?"

"Utaje jina la unayekuja kumwona."

Akafunga mkoba, akaufungua, akaufunga tena. "Nitasema nimekuja kwa mama."

Alikuja. Askari wa chumba cha wageni anasema waliongea habari za paa la nyumbani linalovuja, zaidi ya hapo hakuna. Jumapili iliyofuata akaja tena, na paa lilikuwa bado linavuja. Mungu ana namna zake za kuwapa watu mazungumzo.

Mwalimu, wengi wamekusifu leo kwa ulichowafundisha wafungwa, na ni haki yako. Mimi nakusifu kwa kuchuchumaa. Kengele ilipolia hukukumbuka kwamba wewe ni mgeni. Magoti yako yalisahau. Sisi tunaolipwa kuwa hapa, nani kati yetu angezidi katika hesabu ile?

Kwaya itaendelea, Dereva ndiye atakayeshika mazoezi. Nao wanakupa zawadi: kikombe cha bati, kimoja cha vile vya somo la kwanza, kilichokwaruzwa mkono. Mali ya gereza haitoki nje, lakini Afande Mkuu ameidhinisha, na askari wa geti ameambiwa asikutoe jasho.

Kesho asubuhi kengele italia, nitahesabu, na hesabu itakuwa sawa kama sheria inavyotaka. Nitaitangaza hivyo, kwa sauti. Lakini mimi nitajua nani amepungua.

Ndugu zangu, kwa masikio mliyonipa, asanteni sana, Mungu awalinde njiani. Kwaya, vuteni pumzi. Na ninyi wengine wote, pamoja na Mheshimiwa: hesabu imetimia. Simameni, tumuage.