Mwasha Taa Chini ya Kanga: Kumkumbuka Mansour Shehe wa Thornton Heath

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni apunguze moto, chakula kisije kikamuungulia, maana leo nina habari ya mtu, na habari ya mtu haisikilizwi kwa sikio moja.

Mtu huyo ni Mansour Shehe Kombo. Mzaliwa wa Wete, Pemba. Mkaazi wa Thornton Heath, kusini ya London, kwa zaidi ya miaka thelathini. Ametutoka mwezi huu wa Februari, mwaka 2008, na tumemzika Ijumaa. Alikuwa na duka la gemu, hizi zinazochezwa kwenye televisheni. Najua wapo wazee wenzangu wanaojiuliza sasa hivi kama redio imekosa mtu wa kumkumbuka. Subirini.

Nilipokwenda kutoa mkono wa pole, mjane wake, Bi Mwanabaraka, aliniambia: "Usije ukanililia redioni. Baba Afra kaondoka na moyo mweupe. Jambo lake lililokuwa likimkera alilimaliza. Wahadithie hilo."

Basi nawahadithia hilo.

Mansour alifanya kazi kiwanda cha rangi. Kiwanda kilipofungwa, mwaka 1992, akafungua duka lake barabara kuu, si mbali na mnara wa saa. Aliuza kanda za video, kadi za simu, na gemu. Gemu hakuzijua. Lakini mama yake kule Wete alikuwa mpishi wa harusi, na alimlea kwa neno moja: usimuuzie mtu usichokionja. Kwa hiyo kila gemu iliyoingia dukani aliicheza kwanza yeye. Mtu mzima, miwani puani, koti mwilini kwa sababu hita ya duka ilikuwa ya kubembelezwa, amekaa juu ya kreti la soda anarukaruka kwa vidole.

Ndipo akakutana na Mwasha Taa.

Jina hilo ni lake mwenyewe. Jina la kwenye boksi lilikuwa refu na halikuelezea kitu. Ni gemu ya Kijapani. Kuna mtu mdogo mwenye kijiti cha moto, anapanda mnara. Giza linamfuata kutoka chini. Kila ghorofa anawasha taa, na kila ghorofa upepo unabadilika. Basi, hakuna zaidi. Lakini magazeti ya gemu ya wakati ule yaliipa namba moja. Miaka ikapita, yakarudia: hii ni katika gemu bora za wakati wote. Mansour akaikatia ubao, akauandika kwa mkono, akautundika juu ya rafu: GEMU BORA ZA WAKATI WOTE. Mwasha Taa ikakaa katikati, kama bibi harusi.

Majira ya baridi ya mwanzo duka lilikuwa tupu. Mteja wake wa kweli alikuwa mmoja, na hakulipa: binti yake, Afra, wa miaka minane. Akitoka skuli anakuja dukani moja kwa moja. Baba anacheza, mtoto anaamrisha.

"Ruka, Baba. Ruka. Umechelewa."

"Nimebonyeza, mwanangu."

"Umebonyeza kizee."

Wasikilizaji wapendwa, mnawajua watoto wetu wa huku. Unamsemesha Kiswahili, anakujibu Kiingereza. Afra naye alikuwa hivyo nyumbani. Lakini mbele ya Mwasha Taa alipiga kelele kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha aliyoona baba yake anaisikia haraka. Mansour hakulisahau hilo. Na baadaye hilohilo ndilo lililomtia wasiwasi.

Mwaka 2004 wazee wa kituo chetu cha jumuiya walimwendea. Walitaka kuwafungulia watoto chumba cha kuchezea Jumamosi, wakitoka madrasa. Walimwambia Mansour, "Chagua wewe zile zilizo bora kweli. Sisi hatuzijui, tutashika neno lako." Akakubali kwa fahari. Jioni, mezani, akamhadithia Afra, ambaye sasa alikuwa msichana wa chuo kikuu.

Afra akacheka kidogo. "Baba, be honest, sema kweli. Unaipenda Mwasha Taa kwa sababu ya gemu, au kwa sababu duka lilikuwa tupu na nilikuwa nimekaa ubavuni kwako?"

Mansour alikaa na tonge mkononi.

Hapo ndipo jambo lilipomkaa rohoni. Kwa miaka kumi na zaidi alikuwa akiwaambia watu hii ni bora. Watu walinunua kwa neno lake. Je, alikuwa akisifu gemu, au akisifu majira yake ya baridi pamoja na mtoto wake? Na wale wa magazetini nao je, hawakuwa wakisifu utoto wao? Kama ni hivyo, ubao wake ulikuwa uongo, na sasa anaombwa kuupeleka uongo huo kwa watoto wa watu.

Akaamua kufanya kama mama yake. Kwao, siku ya harusi, masinia ya pilau yaliletwa mbele ya wazee yamefunikwa kawa, na hakuna aliyeambiwa sinia lipi limetoka chungu cha nani. Onja kwanza. Sema kwanza. Kisha kawa linafunuliwa na jina linatajwa. Mpishi mwenye jina kubwa alilala na wasiwasi usiku huo, na mama Mansour alikuwa na jina kubwa.

Basi Jumamosi moja akapeleka mashine kituoni, akaifunika kanga ya mkewe, ibaki televisheni tu. Maboksi akayaficha. Watoto waliona kwamba ni gemu za zamani, hilo halifichiki, lakini hawakujua ipi inayosifiwa. Akawaambia wacheze, atakayechoka aondoke.

Gemu ya kwanza ilikuwa ya vita, yenye sifa kubwa kwenye magazeti. Watoto waliiacha haraka kama uji wa jana. Mansour akaitoa kwenye kapu lake na hakusikitika. Hata yeye hakuwa ameipenda kwa dhati, aliiweka rafuni kwa kuwa wakubwa wamesema. Ya pili, ya mpira, ikawashika vizuri. Kisha akatia Mwasha Taa, akaenda kusimama dirishani ili wasimwone uso.

Aliyekaa kucheza alikuwa Zahra, mjukuu wa dada yake, wa miaka kumi, mtoto mwenye ulimi. Alicheza kidogo. Akaweka rimoti chini. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba huyu mtu anatembea kama amevaa viatu vya baba yake.

"Hebu jaribu tena," Mansour akamwambia.

"Babu, nikibonyeza haruki. Anafikiria kwanza."

Wenzake wakaangua kicheko. Wakaondoka mmoja mmoja kwenda kwenye sambusa.

Wasikilizaji wapendwa, Bi Mwanabaraka ananiambia mumewe alirudi nyumbani hana rangi. Akaenda dukani, akaushusha ule ubao, akauegemeza ukutani, maandishi yakitazama ndani. Mke akamwonea huruma. Akamwambia, "Funika kombe mwanaharamu apite, Baba Afra. Hao wazee wa kituo wanajua nini? Peleka gemu zako, mambo yaishe."

Naye akamjibu, "Kombe nimelifunika miaka yote. Nimechoka kulifunika."

Akawapigia wazee wa kituo, akaomba wampe muda. Hakusema kwa nini.

Sasa anaingia mtu wa pili wa hadithi hii. Ni Hemant, rafiki yake, mzaliwa wa Kisumu, mwenye duka la vyombo vya umeme Southall. Walijuana kiwandani. Hemant alikuwa amenunua vitu vya familia ya Kijapani iliyokuwa ikirudi kwao: jiko la wali, redio, na mashine ya gemu pamoja na kaseti zake. Kwenye kaseti hizo ilikuwamo Mwasha Taa, boksi limeandikwa Kijapani. Akaipatia mashine ile kifaa cha kupunguzia umeme, akaiunganisha na televisheni mpya ya dukani, akaiwasha kujaribu tu. Kisha akapiga simu Thornton Heath.

"Bwana Mansour, sikiliza hii." Akauweka mkono wa simu kwenye spika ya televisheni.

Mansour alisikiliza. Ulikuwa wimbo wa ghorofa ya kwanza, wimbo aliousikia mara nyingi kuliko sauti ya kengele ya duka lake. Lakini ulikuwa unakimbia.

"Hemant bhai, mashine yako mbovu. Inakwenda mbio."

"Na mimi nilisema hivyo. Nikamuuliza fundi wangu, mtu wa televisheni. Ameniambia mashine hii ni nzima kabisa. Mbovu ni yenu, bwana. Na yangu. Na ya Uingereza nzima."

Hemant akamweleza, nami nawaeleza kama nilivyoelezwa. Televisheni za Uingereza za miaka ile zilichora picha mara chache zaidi kwa sekunde kuliko za Japani. Gemu ilitungwa kwa mwendo wa Japani. Ilipoletwa huku, hakuna aliyejisumbua kuirekebisha. Basi kila kitu kikapungua mwendo: mtu, upepo, giza, hata wimbo. Picha nayo ikabanwa, ikaacha mstari mweusi juu na mstari mweusi chini.

"Ile mistari miwili?" Mansour akauliza.

"Ile ile."

"Hemant, mimi nimewaambia wateja ni mapazia. Nimewaambia Mjapani kaweka mapazia, kama senema."

Hemant akacheka mpaka simu ikamtoka mkononi. "Na wakanunua?"

"Wakanunua."

Nataka mlielewe kosa hili, wasikilizaji wapendwa, maana ni kosa letu sisi wa huku. Gemu ilipimwa London, ikasifiwa London, ikadharauliwa London, na muda wote haikuwa gemu yenyewe. Ilikuwa pilau iliyopoa njiani. Watoto hawakukosea hata kidogo. Mtoto mwenye ulimi alionja akasema kweli.

Jumamosi iliyofuata Hemant alivuka mji kwa gari lake, na mashine ya Kijapani imefungwa mkanda kiti cha mbele kama abiria. Kanga ikatandikwa ileile. Afra naye alikuja safari hii. Alikaa nyuma. Watoto hawakuambiwa chochote. Mansour akarudi dirishani kwake, mgongo kwao, anatazama magari ambayo hakuyaona.

Wimbo ukaanza. Zahra akasema, "Hii tena?" Kisha akaanza kubonyeza.

Mansour alisubiri rimoti iwekwe chini. Haikuwekwa. Alisikia vidole, akasikia wimbo wa ghorofa ya pili, kisha wa tatu. Zahra akaanguka, akajilaumu mwenyewe, si gemu, akaanza upya. Watoto walioelekea kwenye sambusa wakarudi nazo mkononi. Mmoja akasema anamwona akikosea pale penye upepo. Zahra akamwambia anyamaze. Bi Mwanabaraka akaita chakula tayari, hakuna aliyegeuka. Akaita tena. Zahra akajibu, kwa Kiswahili, bila kuondoa macho kwenye kioo:

"Bado kidogo, Bibi. Nimefika juu karibu."

Mansour akatafuta kitu cha kukalia. Hemant akamsogezea kiti. Akakaa, akavua miwani, akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana tangu asubuhi. Afra akaja kukaa ubavuni kwake.

"Basi ni gemu, Baba," akamwambia. "Si mimi tu."

"Ni gemu," Mansour akasema. "Na wewe pia."

Kisha watoto wakamtaka bingwa wa Thornton Heath awaonyeshe. Bingwa akakaa, akakunja mikono ya shati. Akaanguka ghorofa ya kwanza. Akarudia, akaanguka palepale. Vidole vyake vilikuwa vimejifunza kungoja, na huyu mtu mpya hangoji.

"Ruka, Baba," Afra akamwambia. "Umechelewa."

"Babu, nani alikupa ubingwa?" Zahra akauliza.

Mansour alicheka mpaka akapangusa macho kwa kanga.

Wiki ile aliipitia rafu nzima upya, kwa watoto walewale, kwa kanga ileile. Nusu ya gemu zenye sifa zilianguka. Baadhi ya hizo sifa yake ilikuwa kutangulia kutoka tu, wala si kuwa nzuri. Hizo alisema ziheshimiwe kama wazee, lakini mtoto asilazimishwe kukaa nazo. Nusu zilisimama. Hizo akazipeleka kituoni. Ubao wa zamani akaupaka rangi, akaandika neno moja: ZIMEONJWA. Mpaka leo uko pale kituoni. Mpaka leo mashine ya Hemant inafunikwa kanga, na jina la gemu hutajwa baada ya kucheza.

Huyo ndiye Mansour Shehe Kombo, mzaliwa wa Wete, mkaazi wa Thornton Heath.

Kwa Bi Mwanabaraka, kwa Afra, kwa Zahra na ukoo mzima, London na Pemba, na kwa Bwana Hemant aliyepoteza ndugu: tunawapa pole kutoka moyoni. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awape subira. Nasi wengine tuliobaki tuna mambo mengi tunayoyasifu kwa sababu wakubwa waliyasifu, na mengi tunayoyadharau kwa sababu yalitufikia yamepoa. Tufunue kawa, tuonje wenyewe.

Nilipokuwa naaga pale msibani, niliona pembeni ya sebule televisheni kuukuu na ile mashine ya kwanza ya dukani. Nilimuuliza Bi Mwanabaraka kwa nini hawakuitupa, na ilhali walikwisha kujua kasoro yake.

Akasema, "Ile ya kituoni ndiyo bora, sibishi. Marehemu alikwisha kuhakikisha, akapumua. Lakini jioni tulicheza hii, mie na yeye. Mapazia juu, mapazia chini. Tulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"